Shajara ya mradi: tangi la asidi kabla ya mvua

Kazi: tangi moja la chuma la kuhifadhia asidi ya salfuriki ya asilimia 98, kipenyo mita 18, kimo mita 10, pamoja na msingi, ukuta wa kuzuia umwagikaji, mabomba na pampu. Mahali: kiwanda cha shaba nje kidogo ya Lubumbashi. Muda: kiangazi kimoja. Mteja anataka asidi iingie kabla njia ya malori haijageuka tope, na huku Katanga kuanzia Novemba mvua hazina mzaha. Sisi ni mkandarasi mkuu, mimi ni shefu wa mradi. Naandika hapa yale ambayo ripoti ya kila Alhamisi haina nafasi nayo.

Aprili 22

Mvua zimekatika na eskaveta imeingia. Kazi ya udongo tumeipa kampuni ya Wakongomani, kama sheria ya mwaka 2017 ya ukandarasi mdogo inavyotaka. Hata bila sheria ningewachukua haohao, kwa sababu laterite ya huku, huu udongo mwekundu mgumu, wameilimia, wameijengea na wamekwama ndani yake kwa malori yao wenyewe.

Kikao cha kwanza na mwakilishi wa mteja. Hata chai haijamiminwa, ameuliza kila Alhamisi nitamwambia tuko asilimia ngapi. Nimemweleza tutakavyohesabu: bamba la chuma likisimama mahali pake linapata theluthi, likichomelewa linapata theluthi ya pili, na ile ya mwisho haitolewi mpaka mshono upimwe na upite. Zege vilevile, halikamiliki siku ya kumwagwa bali siku majibu ya maabara yanapofika. Amesema wakubwa wake watashtuka wakiona mwezi mzima umepita na tuko asilimia nne. Nikamjibu, heri washtuke sasa kuliko Oktoba. Amekubali shingo upande.

Nimeshaona miradi iliyokaa asilimia 90 muda mrefu kuliko ilivyochukua kufika hapo. Kila mtu anajua kwa nini na hakuna anayeiandika: asilimia 90 za kwanza zilihesabiwa kwa macho.

Mei 6

Mashimo manne ya uchunguzi yaliyotobolewa mwaka jana yalitupa jibu tamu, laterite ngumu kuanzia mita moja na nusu. Leo eskaveta imefika kina hicho upande wa mashariki na laterite haipo. Rangi imehama kutoka wekundu wetu wa kila siku hadi kijivu, udongo unakatika bila ubishi, na ndani yake kuna vyumba vya ukubwa wa ngumi, kuta zake laini kama zilizopakwa kwa mkono. Vingine bado vina wadudu.

Msimamizi wa udongo hakusema kitu kwanza. Alishuka shimoni, akavunja bonge moja, akalinusa. "Shefu, hii njo kichuguu."

Juu ya ardhi hapakuwa na kichuguu chochote. Kwenye picha za mwaka jana ni tambarare. Jibu lilikuja na papa mmoja, yaani mzee, anayefyatua matofali nje ya uzio, tuliyemwita kwa sababu yuko hapo tangu kabla ya uzio wenyewe. Kichuguu kilikuwepo, akasema, kirefu, na wao ndio waliokikata kwa ajili ya matofali, msimu baada ya msimu. Nyumba nyingi za Lubumbashi zimesimama kwa udongo wa vichuguu, maana ule mfinyanzi mwororo hauna mpinzani kwenye tanuru. "Cha juu tulikimaliza, mwanangu. Cha chini nani angekitoa?"

Vichuguu vya Katanga vinaweza kufika mita 7 au 8 kwenda juu. Shina linalobeba mzigo huo haliishii pale majani yanapoanzia.

Mei 9

Tumelifuata shina lote. Linashuka mita nne na limeingia chini ya karibu robo ya tangi. Mashimo manne ya uchunguzi yalilizunguka bila kuligusa hata moja.

Mhandisi wa misingi yuko mbali na anataka kunenepesha zege ili lipite juu yake. Nimekataa, na hii hapa sababu. Tangi likizama sawasawa pande zote, sentimita moja au mbili, hakuna atakayelala macho. Tangi linaloinama ndilo linalovunja mshono wa sakafu na ukuta. Tukiwa na robo tatu juu ya laterite ngumu na robo juu ya makao ya mchwa, tumeshalipangia kuinama. Na mzigo wenyewe si maji. Asidi hii ina uzito mara 1.84 ya maji, yaani tangi likijaa litabeba zaidi ya tani 4,600.

Tunachimba chote. Kingo za shimo tunazikata ngazi, kisha tunarudisha laterite kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka linashindiliwa na kupimwa hadi asilimia 98 ya Proctor, yaani ya mshindilio wa juu kabisa unaopatikana maabara. Halafu barua. Mkataba ni wa mtindo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wa 1999, kwa hiyo tuna siku 28 za kumtaarifu mteja kuhusu madai. Nimeipeleka leo jioni, na picha, na bonge lenyewe ndani ya mfuko wa nailoni. Watu wengi wa kazi hii huona aibu kuandika barua kama hiyo mapema, wanaona ni kutafuta ugomvi. Ugomvi wenyewe huletwa na barua iliyochelewa.

Mei 30

Shimo limejaa. Vipimo vyote vimepita isipokuwa tabaka la sita, lililokuwa kavu mno. Tumelichimbua, tukalimwagia maji, tukalishindilia upya. Ripoti: asilimia tano. Simu kutoka kwa wakubwa wa mteja, kama ilivyotarajiwa.

Juni 17

Mabamba ya chuma yametoka Dar es Salaam, yamepita Tunduma, yamevuka Zambia na sasa yako kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Mpangaji wetu wa ratiba, ambaye anakaa bara jingine, ameuliza kwa nini kilomita zisizofika 100 zinakula siku nyingi kuliko Zambia nzima. Hesabu ya kutafuta kazi zisizo na nafasi ya kuchelewa ilibuniwa mwaka 1957 kwa ajili ya DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, na ni hesabu nzuri sana. Kasumbalesa haikuwemo.

Nimemwomba anipe foleni kama kazi inayojitegemea kwenye ratiba, yenye muda wake, badala ya kuificha ndani ya "usafirishaji".

Juni 24

Malori yamefika. Kabla kamba hazijafunguliwa nimemweka kijana wa ubora juu ya kila lori na daftari, asome namba ya mmwago, ile inayoonyesha bamba limetoka kwenye yeyusho lipi la chuma, iliyogongwa kwenye kila bamba na kuilinganisha na vyeti vya kiwanda kilichoyeyusha chuma. Ukuta wa tangi ni pete za mabamba, moja juu ya nyingine. Mabamba mawili ya pete ya chini, yale ya milimita 16, yana namba ambazo hazimo kwenye cheti chochote.

Muuzaji anasema ni makosa ya karani. Huenda. Lakini pete ya chini ndiyo inayobeba mgandamizo mkubwa kuliko zote, na bamba lisilo na cheti ni chuma nisichokijua jina. Tumeyapaka rangi nyekundu na kuyaweka kando. Tumekata vipande viwili kwenda maabara kwa majaribio ya kuvuta na ya kemia, kwa gharama ya muuzaji. Yakipita yatatumika kwenye pete ya juu, yakishakatwa kwa kipimo chake. Pete ya chini itasubiri mengine.

Juni 30 tumefunga kazi, sikukuu ya uhuru. Hakuna cha kuandika.

Julai 18

Siku ya zege. Msingi ni duara la mita 20 lenye unene wa sentimita 80, zaidi kidogo ya mita za ujazo 250, na lazima limwagwe kwa mfululizo bila kuacha mstari wa kuungana kati ya zege lililoanza kushika na lile bichi. Lori la kwanza limefika saa kumi na moja alfajiri na pumzi za watu zinaonekana. Wanaodhani Kongo yote ni joto waje Lubumbashi mwezi wa saba.

Zamu mbili, ili mtu asipitishe saa 45 za sheria kwa juma, na mama wawili wa kantini wameletwa mapema. Bukari (ugali) na thomsoni (samaki) saa sita, kwa mafungu, ili mashine za kutetemesha zege zisinyamaze.

Saa tatu, lori la kumi na kitu. Kijana wa maabara amejaza ile koni ya sentimita 30, ameinyanyua taratibu, na zege halikuzama tu, limetandaa kwenye bati mpaka ukingoni. Tulitaka lizame milimita 130 hivi. Hili limepita 200. Dereva amesema limetoka hivyo kiwandani. Bomba la maji nyuma ya lori lake lilikuwa bado linadondoka. Zege linapokuwa gumu kumwagika dereva huongeza maji ili asihangaike kulisafisha, kila mtu anajua, na kila lita inayoongezwa inakula nguvu. Nimelirudisha. Mwakilishi wa mteja akanivuta pembeni: pompa inasubiri, foleni ya malori imefika getini, lori moja kati ya zaidi ya thelathini litadhuru nini? Nikamwonyesha mahali ambapo lingemwagwa: upande wa mashariki, juu kabisa ya ule udongo uliorudishwa. Hakuuliza tena. Lile lori tulilimwaga kwenye kalibu za vizuizi vya barabara.

Saa nne umeme umekatika kwenye mtambo wa kuchanganyia. Jenereta ilikuwa tayari inanguruma, bila mzigo, kwa agizo langu, na watu wa fedha walikuwa wameuliza kwa nini tunachoma mazuti (dizeli) bure tangu alfajiri. Kukatika kwenyewe hakukuonekana kwenye zege.

Tumemaliza saa tisa na nusu mchana.

Julai 19, usiku

Hatari ya zege nene si jua, ni baridi. Saruji inapokomaa inatoa joto. Katikati kunachemka huku juu kunapigwa na usiku wa Julai. Tofauti ikipita nyuzi 20 hivi, ngozi ya juu inapasuka. Tulizika nyaya za kupimia joto kabla ya kumwaga. Saa nane usiku: katikati 52, juu 33. Tofauti 19. Nimewaamsha vijana. Tumeongeza tabaka la pili la magunia na maturubai juu ya nailoni, tukayakandamiza kwa mbao. Saa kumi tofauti imeshuka hadi 16. Mlinzi aliuliza kwa nini tunalifunika shuka jiwe.

Julai 28

Vipande vya siku saba vimepita kiwango tulichokitaka. Mihimili ya chuma inaanza kulazwa juu ya zege. Sakafu ya tangi haitagusa zege moja kwa moja, itakaa juu ya mihimili, ili asidi ikivuja chini mtu aione akipita na tochi badala ya kuigundua msingi ukiwa umeshaliwa.

Agosti 1

Ratiba kutoka bara jingine ilikuwa imepanga leo kusimamisha pete ya kwanza. Leo ni siku ya wazazi, watu wako makaburini wanafagia na kupaka chokaa. Nilishaisogeza tangu Mei.

Agosti 13

Mafundi wa kuchomelea wamepita mtihani, si wote. Kiongozi wao ni papa mmoja aliyejifunzia kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kuondoka mwaka 2003, pamoja na maelfu ya wenzake, kwenye ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Haandiki haraka na hasomi Kiingereza cha taratibu zetu. Akiweka sikio kwenye mlio wa mashine ya mwenzake anajua umeme umezidi au umepungua kabla mita haijasema.

Picha za eksirei za mishono wima ya pete ya kwanza zimerudi. Nyingi safi. Mbili zina vitundu, mlolongo wa nukta nyeusi kwenye filamu. Papa amezishika dhidi ya dirisha kwa muda mrefu, kisha hakwenda kwenye mshono, alikwenda stoo. Elektrodi hizi, vijiti vya kuchomelea, zinatakiwa kukaa ndani ya oveni muda wote, la sivyo zinakunywa unyevu wa hewa na unyevu huo unageuka gesi ndani ya chuma. Oveni ilikuwa ya baridi. Mtu alikuwa akizima jenereta ndogo kila usiku ili kuokoa mazuti. Hakuna aliyefukuzwa. Oveni sasa ina waya wake wenyewe na swichi yenye kufuli, mishono miwili imechimbwa na kurudiwa.

Ripoti ya wiki: asilimia 41, baada ya 42 wiki iliyopita. Mwakilishi wa mteja hajawahi kuona namba ikirudi nyuma. Amenipigia simu kuuliza kama nimekosea kuandika.

Agosti 29

Kwenye kozeri ya asubuhi, yale mazungumzo mafupi ya usalama kabla ya kazi, mtu wa usalama kutoka kwa mteja ameleta ubao mzuri wa kuandika siku ngapi zimepita bila ajali, na ahadi ya zawadi kwa kila mtu. Nimeupokea kwa heshima na nimeuweka ofisini ukitazama ukuta. Palipo na zawadi ya namna hiyo, kijana aliyekatwa kidole huficha mkono mfukoni ili asiwakoseshe wenzake. Nataka nijue vidole vyote.

Septemba 11

Upepo na vumbi. Paa limeunganishwa chini na lingenyanyuliwa leo, lakini mita ya upepo kwenye ncha ya kreni imekataa mara tatu. Limepanda siku ya pili saa kumi na mbili na robo asubuhi, dakika arobaini kazi imekwisha. Mwendeshaji wa kreni na mwelekezaji wake hawana lugha moja, mmoja Kichina, mwingine Kiswahili. Wamefanya yote kwa mikono.

Septemba 23

Sakafu. Kipimo chake nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji mtaalamu wa kukitafsiri. Unapaka mshono maji ya sabuni, unaweka juu yake kisanduku kisicho na kitako chenye kioo na mpira pembeni, unanyonya hewa. Palipo na tundu, povu linachemka. Watu wawili wametambaa tangu asubuhi, nusu mita kwa nusu mita, ndani ya tangi lenye joto. Karibu na ukingo wa mashariki povu moja, dogo kama punje ya mchele, likapanda, likapasuka, likapanda tena. Papa akachora duara kwa chaki, akaandika tarehe. Maji yangepita hapo kwa miezi bila mtu kujua. Asidi ingekuwa imejitengenezea mlango.

Oktoba 2

Tunajaza maji. Kisima kinatoa karibu mita za ujazo 30 kwa saa, tangi linataka zaidi ya 2,500, kwa hiyo ni kusubiri. Alama nane za chuma zimechomelewa kuzunguka ukuta na mpima ardhi anazisoma kila robo ya ujazo.

Hapa kuna jambo ambalo mteja hakulipenda kulisikia: maji yanapima mishono, lakini msingi yanaupima nusunusu tu. Tangi lililojaa maji lina tani 2,500 na kitu. Likijaa asidi litakaribia mara mbili ya hapo. Yeye alitaka kuandika msingi umekamilika, asilimia 100. Nimeandika 80. Zilizobaki zitapatikana siku asidi yenyewe itakapoingia, kwa hatua nne, na alama nane zinasomwa baada ya kila hatua.

Oktoba 8

Tangi limejaa na limetulia. Alama zote zimeshuka kati ya milimita 4 na 6. Za mashariki, zilizo juu ya kichuguu cha zamani, 5 na 6. Hakuna jasho popote.

Oktoba 14

Kutoa maji ni rahisi, tumeyamwagia vumbi la barabara. Kukausha ndiyo kazi. Chuma cha kawaida kinaivumilia asidi kali kwa sababu uso wake unajivika utando wa salfeti ya chuma unaoulinda. Asidi hiyohiyo ikikutana na maji inachemka, inapungua ukali, na hapo ndipo inapokila chuma na kutoa haidrojeni. Kidimbwi cha lita tano kilichosahauliwa kwenye kona ni hatari kuliko asidi yote iliyo juu yake. Mafeni, taulo, tochi. Kila tundu la paa limefungwa kifuniko chenye namba, na namba zote ziko kwenye daftari ninalolala nalo.

Oktoba 26

Mvua ya kwanza, mapema. Dakika ishirini, upepo mwingi. Nimepanda na papa kabla haijakauka. Kifuniko namba 7 kimelegea, mpira wake umejikunja. Tumefungua mlango wa chini, mtu ameingia na vifaa vyake vya hewa: michirizi kwenye ukuta, kijiko kimoja au viwili vya maji sakafuni. Tumekausha upya, mpira umebadilishwa, vifuniko vyote vimeongezwa boliti. Mteja alikuwa amepanga malori ya asidi kesho. Nimeyasimamisha.

Novemba 3

Hatua ya kwanza ya asidi. Mwendo ndani ya bomba tumeuzuia usifike mita moja kwa sekunde, kwa sababu asidi inayokimbia inaukwangua ule utando wa chuma. Madereva wanalalamika inachukua muda mrefu. Alama nane: hakuna iliyosogea zaidi ya milimita moja.

Novemba 12

Hatua ya nne. Jumla tangu zege limwagwe, mashariki milimita 11, magharibi 9. Tangi limesimama wima. Msingi umepata asilimia zake 20.

Novemba 14

Hati ya mapokezi ya muda imesainiwa na mambo sita yaliyobaki: rangi ya ngazi, bango la pampu ya pili, taa mbili za ukuta wa kuzuia umwagikaji, michoro ya mwisho ya mabomba, kipimo cha pili cha udongo wa barabara, na mabamba mawili mekundu, ambayo majibu ya maabara yalipita lakini muuzaji bado hajatoa cheti, pete ya juu ilijengwa kwa mengine na haya yako uani. Dai la kichuguu limekubaliwa kwa muda wote tulioomba na kwa sehemu ya fedha, iliyobaki inajadiliwa. Kreni inaondoka kesho asubuhi kabla ya mvua ya mchana. Papa fundi na vijana wake wanne wanahamia kwenye tangi la pili, ambalo mteja ameagiza lianze Aprili, na sharti la kwanza nililoliweka kwenye bei ni mashimo manane ya uchunguzi badala ya manne, na mazungumzo na wafyatua matofali wa pale kabla hata shimo moja halijatobolewa.